Mbwa Wangu Si Mkaidi, Acheni Kuniambia Nimchape

Najua nimepotea wiki nyingi, zamu zimenibana na hapa Leeds mvua haijui kupumzika. Nilipanga kuandika habari za safari ya Desemba, lakini hizo zitasubiri, maana tangu niweke picha ya mtoto wangu wa mbwa kwenye kundi la familia sijapata amani. Nilisema tu kwamba bado kuna siku anakojoa ndani. Basi! Ushauri ulivyomiminika ungedhani nimeuliza namna ya kumkamata mwizi. Mchape. Mpake pua kwenye mkojo wake mwenyewe. Mnyime maji kuanzia saa kumi jioni. Mfungie nje alale huko ashike adabu. Na kaka yangu mkubwa (shikamoo kaka) akafunga mjadala kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne: samaki mkunje angali mbichi, na mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi.

Leo najibu. Najibu hapa kwa sababu kule kwenye kundi nikiandika mistari miwili tayari mtu ameshaweka picha ya maua na "asubuhi njema", hoja inazikwa hai.

Kabla ya yote, shangazi yangu wa Tanga, la udhu nimelisikia na nakuheshimu. Siku ukija kunitembelea Pilipili atahamia kwa jirani na nyumba nitaisafisha mpaka uridhike. Na wale mnaosema hela ya mbwa ningetuma nyumbani, hilo nalo lina siku yake. Leo tunazungumzia mkojo.

Mjue kwanza mbwa mwenyewe ni wa aina gani. Msifikirie yale majibwa ya kulinda geti kule kwetu. Huyu ni Yorkshire Terrier, kijibwa cha kubeba kwapani, akikua kabisa anatakiwa awe kilo tatu na kidogo tu. Alipofika kwangu ana wiki tisa alikuwa hajatimiza hata kilo moja, pakiti ya unga ilimshinda uzito! Kabila lake ni la hapa hapa Yorkshire, ila asili yake ni wahamiaji kama mimi. Karne ya 19 wafumaji wa nguo kutoka Uskoti walihamia huku kutafuta kazi kwenye viwanda, wakaja na vijibwa vyao, vikachanganyika na vya hapa. Mbwa anayehesabiwa kuwa baba wa kabila hili aliitwa Huddersfield Ben, alizaliwa 1865 akafa 1871, na Huddersfield si mbali na ninapokaa. Kazi yao ilikuwa kuua panya viwandani na migodini. Panya wa kiwandani haumwambii mbwa "subiri nikupe ruhusa". Mbwa anamwona, anaamua mwenyewe, anamfuata mpaka kwenye tundu. Sasa watu walizalisha mbwa kwa miaka na miaka ili awe king'ang'anizi na mwenye maamuzi yake, halafu leo anaingizwa kwenye nyumba yenye kapeti, na akifanya maamuzi yake wanamwita mkaidi.

Na si ninyi tu. Kazini kwangu nako Waingereza wenyewe wananiambia, "Aaah, hao wadogo hawafundishiki." Nimewauliza, mbona mbwa mkubwa anafundishika? Jibu la kweli ni kwamba mbwa mkubwa akikojoa sebuleni ni mafuriko, mwenye nyumba anashughulika siku hiyo hiyo. Huyu mdogo akikojoa ni kijiko cha chai, mtu anafuta kwa tishu anaendelea na tamthilia yake. Miezi inapita, mbwa amejifunza kabisa kwamba nyuma ya sofa ni choo, maana hakuna aliyemwonyesha kingine, halafu lawama zinakuja kwake.

Hilo neno MKAIDI ndilo ninalogombana nalo. Mkaidi ni mtu anayejua analotakiwa kufanya, ana uwezo wa kulifanya, na anakataa. Haya niambieni, mtoto wa mbwa wa miezi miwili anajua nini kuhusu kapeti? Kwake zulia na majani ni kitu kimoja, vyote laini. Na uwezo anao wapi? Makadirio yanayotumika sana kwa watoto wa mbwa ni kwamba mchana wanaweza kujizuia kama saa moja kwa kila mwezi wa umri. Wa miezi miwili, saa mbili, na hapo ni siku nzuri. Mimi nina kibofu cha mtu mzima kinachochukua karibu nusu lita na bado kuna siku kwenye zamu nabana miguu. Yeye kilo moja!

Mimi ni muuguzi, digrii yangu ni ya uuguzi, na miaka yangu mingi nimeifanya kwenye wodi za wazee. Kama kuna kitu ninachokijua duniani ni mkojo. Kwa hiyo niwape habari ya wodini, maana ndiko hasira yangu inakotoka. Mgonjwa mzee, amevunjika nyonga, akili yake timamu. Anabonyeza kengele anataka kwenda chooni. Wauguzi wawili wodi nzima, mmoja yuko na mgonjwa anayezidiwa, mwingine anagawa dawa. Dakika kumi, ishirini, arobaini. Mzee analowanisha kitanda, analia kwa aibu. Jioni kwenye makabidhiano ya zamu mtu anasema, "Kitanda cha sita hawezi kuzuia mkojo," inaandikwa kwenye faili, na kuanzia hapo anavalishwa pampasi. Nimeliona hili katika wodi zaidi ya moja. Yule mzee aliweza kujizuia, na alijizuia dakika arobaini! Sisi ndio tulioshindwa kufika. Lakini kwenye faili kasoro imeandikwa kwake.

Dawa yake tunafundishwa chuoni na wala haina gharama. Unampitia mgonjwa kwa saa maalumu, kila saa mbili kwa mfano, unamuuliza, unampeleka, unaandika. Baada ya siku chache unaona muda wake, unamwahi kabla hajabanwa. Kuna wazee waliokuja wodini na pampasi wakaondoka wamevaa chupi zao kwa heshima yao. Hakuna aliyewachapa. Hakuna aliyewapaka mashuka usoni. Sasa kwa nini niliyoyasoma niyaache mlangoni nikifika nyumbani, nichukue kandambili nimpige mnyama wa kilo moja?

Tena kofi lenyewe halifundishi mnachodhani. Mnyama anaunganisha adhabu na kile kinachotokea sekunde ile ile. Ukirudi saa nane ukakuta kidimbwi cha saa nne, ukamburuta ukamgandamiza pua pale, anachojifunza ni kwamba mama akirudi na kukiwa na mkojo sakafuni, mama anakuwa mwendawazimu. Na ukimkamata katikati ya tendo ukampiga, anajifunza kwamba kukojoa mbele ya mtu ni hatari. Kesho unamtoa nje, unasimama naye nusu saa kwenye baridi, hakojoi ng'o, anakuogopa. Mkirudi ndani anaingia chini ya kitanda anamaliza haja yake huko kwa siri. Hapo unapiga simu kwa shoga yako, "Huyu mbwa ana makusudi!" Makusudi gani? Umemfundisha mwenyewe kujificha na amefaulu mtihani wako.

"Lakini anajua kosa lake, muangalie macho yake!" Hii nayo imenichosha. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alichapisha jaribio la mbwa 14 na wenyeji wao. Mbwa aliachwa na kipande cha chakula alichokatazwa, mwenyeji akatoka. Mara nyingine mwenyeji aliambiwa kweli kama mbwa amekula, mara nyingine alidanganywa. Yale macho ya kuinama, mkia chini, masikio nyuma, hayakufuata nani amekula. Yalifuata nani amegombezwa! Hata ambao hawakugusa chakula walionyesha "hatia" walipofokewa, na wao ndio waliozidi. Yaani kile mnachokiita hatia ni uoga wa uso wako. Nikisoma hilo nawakumbuka walimu wetu wa shule ya msingi, na yule aliyelia kwanza ndiye aliyekuwa mwizi wa chaki.

Kuhusu kumnyima maji, hapo naomba mnisikilize kama muuguzi na si kama mdogo wenu. Mkojo mchache ni mkojo mkali, unachoma, unafuga maambukizi, na mwenye maambukizi anakojoa mara nyingi zaidi, siyo kidogo. Wazee wangu wodini wanafanya hivyo hivyo, wanaacha kunywa ili wasisumbue, wanaishia kuchanganyikiwa na dripu. Na msije mkaongeza "mnyime na chakula", maana vijibwa hivi vidogo vikikaa muda mrefu bila kula sukari yao ya damu inaporomoka, vinatetemeka, vinaweza kufa. Ndiyo maana akiwa mdogo alikuwa anakula mara nne kwa siku.

Haya, mnauliza nilifanya nini. Nilichukua wiki mbili za likizo yangu ya mwaka. Ndiyo, likizo, niliyoisubiri tangu Januari. Nikachora chati nikaibandika kwenye friji, sawasawa na ile ya wodini ya kuandika alichokunywa na alichokojoa. Amekula saa ngapi, amelala saa ngapi, amejisaidia saa ngapi na wapi. Siku tatu tu nikaona mwendo wake: akiamka, papo hapo. Akila, ndani ya robo saa. Akicheza akianza kunusanusa na kuzunguka, una sekunde tano za kumbeba! Nikawa namtoa nyakati hizo zote, na katikati kila saa moja, na usiku mara moja saa tisa kwa kengele ya simu. Mahali pamoja, neno moja, "kojoa". Akimaliza tu, pale pale kwenye majani, kipande cha kuku ukubwa wa ukucha. Pale pale jamani, siyo mkifika jikoni, maana mkifika jikoni umemlipa kwa kuingia ndani. Nisipoweza kumtazama anakaa kwenye uzio wake mdogo wa waya na matandiko yake, siyo adhabu, ni kwamba mbwa hapendi kuchafua anapolala. Akikojoa ndani nafuta bila maneno. Na msafishe kwa sabuni ya unga yenye vimeng'enya, siyo Jik. Wodini haturuhusiwi kumwaga klorini juu ya mkojo, inatoa hewa inayochoma macho na kifua, na harufu ambayo wewe unadhani imeondoka, pua ya mbwa bado inaisoma kama bango la "CHOO HAPA".

Mvua ndiyo ilikuwa kisa kingine. Alikuwa anafika mlangoni anaona manyunyu anagoma, miguu minne kama imepigiwa misumari. Mkaidi huyo, si ndiyo? Hapana. Kabila hili manyoya yao ni kama nywele zetu, hawana yale manyoya mafupi ya ndani yanayotunza joto, na miguu ni mifupi kiasi kwamba majani mabichi yanamgusa tumbo. Mtoeni mtu bafuni uchi mkamsimamishe kwenye umande wa Lushoto mwezi wa saba mwone kama atakojoa kwa amri. Nilimnunulia kisweta, nikatandika vipande viwili vya majani ya kununua chini ya kibaraza pasipofika mvua. Mgomo ukaisha wiki ile ile, isipokuwa upepo ukiwa mkali sana, na hapo hata mimi nagoma.

Najua swali linalofuata: "Na kazi je?" Hapa ndipo nawageukia wenye mbwa wa huku, maana ninyi mnapiga kwa mdomo lakini wao wanafunga mlango. Mfanyakazi mwenzangu mmoja alinunua mtoto wa mbwa mdogo, anamfungia kwenye kizimba saa kumi kila siku ya kazi, akirudi anamkuta amejichafua na kujisugua ukutani. Anatuhadithia wakati wa chai huku anacheka kwamba ni mkaidi. Shirika la RSPCA, ambalo lipo tangu 1824, linashauri mbwa asiachwe peke yake zaidi ya saa nne, na hapo wanazungumzia mbwa mkubwa! Miaka ile ya korona, 2020 na 2021, watu walinunua vijibwa kama mikate kwa sababu walikuwa nyumbani. Ofisi zilipofunguliwa vijibwa vikageuka vikaidi ghafla, vikaanza kurudishwa. Mbwa walikuwa wale wale, ni ratiba iliyobadilika.

Mimi zamu yangu ni saa kumi na mbili na zaidi, sikuweza kujidanganya. Ila zamu ndefu maana yake ni siku tatu kwa wiki, nne niko nyumbani. Kwa zile tatu nilikubaliana na jirani yangu, bibi mmoja mstaafu, kabla mbwa hajafika, siyo baada. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nampelekea Pilipili na chati yake. Namlipa kwa pesa kidogo, na Jumapili kwa chapati, na nadhani chapati ndizo zinazomfanya asichoke. Nilimwambia neno lazima liwe moja nyumba zote mbili. Basi sasa ukipita nyuma ya nyumba zetu asubuhi utamkuta bibi wa Kizungu wa miaka 70 na ushee amesimama kwenye ukungu na gauni la kulalia anasema, "Kojowa, luv. Kojowa." Nikisikia nacheka mpaka machozi.

Ana miezi saba sasa. Wiki ya kwanza chati inaonyesha mara 31 ndani ya nyumba. Mwezi uliopita, mara mbili. Wala sijamgusa hata kwa unyoya. Anayeona Pilipili haijamkolea, pilipili usiyoila yakuwashia nini?

Sasa kaka. Nimekusikiliza ule ujumbe wako mara mbili nihakikishe. Ulisema, "Hata huyu wetu hapa tulimnyoosha hivyo hivyo." Huyo unayemsema ni binadamu, ana miaka sita, simtaji jina. Msije mkaniambia nimemfananisha mtoto na mbwa, mliofananisha ni ninyi, mimi nimeanza na mbwa na ningeishia kwa mbwa. Lakini umelisema, nami siwezi kukaa kimya na shahada yangu ukutani.

Sote tunakumbuka kikojozi alivyokuwa anafanywa mtaani kwetu. Kubebeshwa godoro kichwani, watoto wenzake nyuma wakiimba na kupiga makopo. Mmoja wao alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu na mpaka leo ni mtu mzima hatazami watu usoni. Mtoto anayekojoa kitandani amelala, hajui. Wengine usingizi wao ni mzito, wengine kibofu bado hakijakomaa, wengine mwili unatengeneza mkojo mwingi usiku, na mara nyingi ni urithi wa ukoo, muulize mama kuhusu wewe mwenyewe kaka, mimi sisemi. Umri wa miaka mitano, sita, ni jambo la kawaida kabisa na wengi wanaacha wenyewe. Fimbo haifiki kwenye kibofu. Inachofanya ni kumfanya aogope kulala, afiche shuka, aamke saa kumi kufua gizani ili msijue. Yaani chini ya kitanda, kama nilivyowaeleza.

Anywe maji ya kutosha mchana. Aende chooni kabla ya kulala, na kama choo kiko nje awekewe ndoo ndani, mtoto wa miaka sita anaogopa giza la uani na ana haki. Angalieni kama anapata choo kikubwa vizuri, maana tumbo lililofunga linabana kibofu. Kama alishaacha kukojoa kitandani akaanza upya, au anakunywa maji mno na kukonda, mpelekeni hospitali apimwe mkojo na sukari, na siyo wiki ijayo.

Nimeshanunua mipira miwili ya kufunika godoro, ile ya kitambaa juu, haipigi kelele akigeuka. Naja nayo Desemba kwenye begi la kwanza, pamoja na shuka tatu. Ule ufito ulioko juu ya kabati la mama naujua, nimekua nao, nikifika nataka niukute jikoni umeshachemshia chai. Na kaka, ukitaka kunijibu nijibu, hata kwa ukali, ila ujumbe wa sauti usinitumie alfajiri ya huko, huku inakuwa saa tisa usiku, na siku hizi Pilipili analala mpaka asubuhi.